Papa Depo na Kitu Kilichoitwa Rotochute

Mara ya kwanza Papa Depo kunishuku ilikuwa kwa ajili ya mwiko. Wangu ulikuwa umevunjika katikati ya kazi, bugali ikabaki sufuriani nusu uji nusu saruji, nikashuka kuazima mwingine. Depo ya chama chetu ilikuwa hatua sitini kutoka mlangoni kwangu, na wakati ule mimi sikwenda mahali palipozidi hatua mia isipokuwa kazini. Mzee alinitazama juu ya miwani yake, akafungua daftari.

"Jina?"

Nikamtajia jina langu.

"Haiko yako. Ya kitu."

"Mwiko, Papa."

"Mwiko ya nini?"

"Ya bugali."

"Mwiko ya bugali, ya muti, mukono umepasuka kidogo ku mwisho." Alikuwa akisema na kuandika kwa pamoja, taratibu, kama mtu anayechonga jina kwenye jiwe la kaburi. "Bon. Weka signature."

Nikaweka sahihi. Kwa mwiko. Kesho yake nilipourudisha hakuutazama, aliunusa.

"Ulisema bugali."

"Ndiyo, Papa."

"Hii inanuka sombe."

Ni kweli nilikuwa nimekorogea na sombe, mboga ile ya majani ya muhogo, nani asingekoroga? Lakini pale chini, mbele ya pua ile, nilijisikia kama mtu aliyekamatwa mpakani na pasipoti ya ndugu yake. Nikaanza kujieleza. Akaninyamazisha kwa kalamu, akaandika kwenye daftari: *imerudi, na sombe*.

Depo ilikuwa chumba kimoja kirefu chini ya ukumbi, upande wa mfereji, mtaa wa Molenbeek, Brussels. Ndani yake mlikuwa na viti vya kukunja, meza, sahani, thermos, sufuria za kuogeshea mtoto mkubwa, na kipaza sauti kimoja kilichokohoa kuliko wasemaji wake. Sisi watu wa Kivu na watu wa Bujumbura tuliunda chama kile kwa sababu rahisi: matanga yanahitaji sufuria kubwa, na hakuna aliyekuwa nayo peke yake. Mwenyekiti wetu tulimwita Maman Présidente, mama wa Bukavu mwenye saluni ya nywele na sauti ya kuamsha ghorofa tatu. Dereva wa kamionneti ya kubebea viti alikuwa Tonton Chauffeur, Mwislamu wa Bujumbura, mtu wa mzaha hata msibani. Mimi nilikuwa mwandishi. Nilichaguliwa kwa sababu nilimaliza sekondari nikapata diplome d'État, mwandiko wangu unasomeka, na, kama alivyosema Maman Présidente mbele ya kikao kizima, "huyu tukimutafuta tunamupata, haendake fasi." Tangu siku hiyo jina langu likawa Secrétaire Canapé, Mwandishi Kochi. Sikubisha. Kochi langu na mimi tulikuwa tumeshakubaliana mambo mengi.

Na mtunzaji wa vitu vyote hivyo alikuwa yeye, mzee wa karibu miaka themanini, mwembamba, koti la buluu lenye mifuko minne, kila mfuko na kalamu yake. Hakuna aliyejua alikuja lini Brussels. Tulimkuta. Wengine walisema alikuwepo kabla ya depo, na kwamba ukumbi ulijengwa juu yake.

Alikuwa na imani moja tu ambayo niliwahi kumsikia akiitamka. "Kitu isiyo na jina," alisema, "imekwisha kuibiwa." Wanawake walikuwa na desturi ya kutia alama chini ya sufuria zao kwa rangi ya kucha, nyekundu ya fulani, zambarau ya fulani, ili msiba ukiisha zisichanganyike. Yeye aliidharau desturi hiyo waziwazi.

"Vernis ni rangi," aliwaambia. "Haiko jina."

"Sasa Papa, sufuria nitaipa jina gani? Nitaibatiza?"

"Sufuria ya alumini, masikio mbili, moja imelegea, chini iko na shimo ndogo ilizibwa na bulon. Njo jina yake. Kesho ikipotea unalia ukisema nini? Unalia rouge, nyekundu?"

Wakacheka, na kila mtu akaendelea na rangi yake.

Harusi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Siku ya harusi ya binti mmoja wa Uvira alipanda ukumbini kuhesabu viti wakati watu bado wamevikalia. Alipita mstari kwa mstari, akigusa kila mgongo wa kiti kwa kalamu, midomo ikitikisika. Alipofika kwa mchungaji aliyekuwa katikati ya sala alimgonga begani.

"Pasteur, simama kidogo."

Mchungaji akadhani ni ishara ya Roho, akasimama na mikono juu. Papa Depo akageuza kiti, akasoma namba chini yake, akakirudisha. "Asante, kaa." Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamtiririka.

Basi utasema: mtu mwaminifu, mwenye utaratibu. Ngoja. Jumapili alikwenda soko la Gare du Midi, na baada ya soko alikaa kwenye mkahawa wa pembeni, kahawa moja. Akiondoka, vipaketi vyote vya sukari vya meza yake, na vya meza ya jirani, vilikuwa vimehamia kwenye mifuko minne. Nilimwona kwa macho yangu, siku moja kati ya siku tatu nilizofika Midi kwa hiari yangu. Nikamtania, "Papa, hivyo viko kwenye liste?"

"Haviko ku liste ya mutu yeyote," akajibu, bila aibu hata ya kuazima. "Njo maana."

Depo aliifunga kwa kufuli tatu, ya juu, ya katikati na ya chini. Lakini chumba chake mwenyewe, ghorofa ya pili mtaa wa nyuma, hakuwahi kukifunga. Nilipanda kwake mara moja kumpelekea barua ya chama, nikakuta mlango umeegeshwa tu, redio inasema peke yake. Aliporudi nilimuuliza haogopi wezi?

"Kule ndani hakuna kitu ya mutu mwingine," akasema.

Lilikuwa jibu zuri, lakini likanitia wasiwasi. Mtu anayeogopa kupoteza vya wengine kuliko vyake, amewahi kupoteza nini cha nani? Siku zile nilikuwa na muda mwingi wa kuwaza, na kochi ni mwalimu mbaya, linafundisha kushuku.

Sikuwa peke yangu. Sisi wote tulimshuku kidogo, kama unavyoshuku maziwa ya jana. Sababu kubwa ilikuwa ujana wake. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa ameiona vita ile ya kwanza, ya miaka ya baada ya uhuru, wakati Kivu ilikuwa na wazungu wenye bunduki na watu wenye bunduki za wazungu. Ukimuuliza alikuwa upande gani, alitafuta kalamu mfukoni. Tonton Chauffeur, asiyejua kuona haya, alimuuliza siku moja wanapakia viti.

"Papa, sema kweli. Ulikuwa soldat?"

"Nilikuwa na kalamu."

"Wallahi, hata waliotuua walikuwa na kalamu."

Papa Depo akaweka kiti chini, akakitazama kama kimemuuliza yeye, akasema, "Njo vile." Akaenda zake. Tonton alibaki na mzaha wake mkononi, hajui pa kuuweka.

Kisha kulikuwa na helikopta. Wakubwa wa Ulaya wakikutana mjini, helikopta inazunguka juu kutwa nzima, nasi tumezoea kama tulivyozoea mvua. Yeye alitoka nje. Alisimama katikati ya njia, kichwa nyuma, akitazama yale mapanga yanavyozunguka, mpaka magari yakampigia honi. Hakuonekana kuogopa wala kufurahi. Alitazama kama anavyotazama sufuria iliyorudi.

Hayo yote tungeyabeba. Kilichotushinda ni sanduku.

Jumamosi moja mchana tulikuwa tukitoa meza kwa ajili ya matanga ya upande wa Tonton. Nyuma ya meza za mwisho, ukutani, Tonton alikwaa kitu. Sanduku la mbao, refu kama mtu aliyelala, rangi ya kijani ya kijeshi, namba nyeupe ubavuni, na mahali penye maneno pamekwanguliwa. Kufuli juu yake.

"Papa, hili sanduku la nani?"

"Ya chama. Numéro quarante-et-un. Soma liste."

Nikafungua daftari nikasoma kwa sauti: "Quarante-et-un. Rotochute, pièce une."

"Roto nini?" akauliza Maman Présidente.

"Rotochute."

"Inafanyaka nini?"

"Inashukisha muzigo."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka juu."

Tonton akacheka. "Basi kumbe tunaye malaika humu, tumemfungia na cadenas."

Maman Présidente hakucheka. "Fungua."

"Hapana."

"Papa, umesema ni ya chama. Bon. Chama njo huyu anasimama mbele yako, anataka kuona kitu yake."

Alikuwa amenaswa na daftari lake mwenyewe. Alifungua polepole. Ndani mlikuwa na mapanga manne ya chuma, marefu, yamekunjwa kuzunguka kitovu kimoja kinene, kama miguu ya buibui aliyekufa. Kila panga lilikuwa na bawaba yake, imepakwa mafuta karibuni.

"Hii ni feni ya dari," akasema Tonton.

"Dari ya nani, ya tembo?" akasema Maman Présidente, kisha mzaha ukamwishia usoni. "Hii ni ya jeshi. Iko huku chini, ndani ya cave. Hapa Molenbeek."

Hakuhitaji kuendelea. Sote tulikaa mtaa ule miaka ile polisi walipobisha milango alfajiri wakitafuta magaidi. Jirani yake wa saluni mlango wake ulivunjwa kwa kosa la namba, na kazi aliyokuwa nayo hakuipata tena.

"Police bakiingia hapa," akasema, "nani atabaelezea? Weye, Canapé?" Kisha kwa mzee, kwa sauti ya chini: "Papa, ulipata hii fasi gani?"

"Ku soko ya Jeu de Balle. Banamwaga vitu chini, ya nyumba ya mutu alikufa."

"Ulijuaje ni kitu gani?"

Akatafuta kalamu mfukoni.

"Papa. Ulijuaje?"

"Niliijua."

Akafunga sanduku. Jioni ile saluni nzima ilikuwa imeshajua kwamba Papa Depo aliwahi kuwafanyia kazi mamluki, na wiki ilipoisha alikuwa ameshawahi kuwa rubani. Maman Présidente, nimtetee, hakueneza lolote. Aliniita akanipa kazi mbele ya Tonton na mbele ya mzee mwenyewe.

"Secrétaire, weye ulisoma. Tafuta hiyo neno. Kama kitu ya vile iko, sanduku inakaa na Papa anakaa na funguo yake. Kama haiko, anatudanganya, na mutu anatudanganya hawezi kutulindia vitu. Juma moja."

Nikatafuta. Nilifungua kamusi yangu ya Kifaransa ya shule, iliyotoka nami Bukavu ikiwa haina jalada. Baada ya neno la kuchoma nyama likafuata neno la jengo la duara. Katikati yao, mahali rotochute ilipopaswa kukaa, hapakuwa hata na nafasi ya sisimizi. Nikaandika kwenye simu, simu ikanirudishia parachute, kwa upole wa mwalimu anayemsahihisha mtoto mbele ya wageni. Basi. Nikakaa nikaandika ripoti, na mwisho wake nikaweka sentensi hii: *Kitu hicho hakipo. Jina limebuniwa na mtunza depo.* Nililipenda sana neno limebuniwa. Nililisoma mara mbili kwa sauti nikiwa peke yangu.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada, watu kama thelathini. Nikasoma. Papa Depo alikuwa amekaa mstari wa mbele, amenyooka, mikono magotini. Nilipomaliza aliniomba karatasi, akaisoma mwenyewe mpaka chini.

"Umetafuta?"

"Nimetafuta, Papa."

"Muzuri?"

"Muzuri."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea kitu na kukikubali kwenye orodha. Kisha akatoa funguo, akaziweka mezani moja moja. "Cadenas ya juu. Ya katikati. Ya chini. Andika." Nikaandika. Akatoka, na hakuna aliyenyanyuka kumfuata. Kesho yake Tonton alipakia sanduku akalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alisema mashine iliyabana mapanga yale mara moja tu, yakawa kama kitabu kilichofungwa.

Depo bila yeye sitaki kuieleza. Tulikuwa tunakwenda msibani na sahani tisini na uma arobaini. Kuhusu mzee tulisikia kwamba alianguka kwenye ngazi, nyonga ikavunjika, akapelekwa nyumba ya wazee huko Etterbeek. Hakuna aliyekwenda. Tulisema Etterbeek ni mbali. Ni metro moja, hubadilishi hata gari.

Ikapita miaka miwili. Kisha Maman Présidente alinifukuza nyumbani kwenda Jeu de Balle kutafuta kifuniko cha sufuria kubwa, maana cha zamani kilikuwa kimepotea na hakuna aliyejua kilipotelea kwa nani. Kifuniko sikukiona. Niliona boksi la vitabu lililomwagwa juu ya mawe, na ndani yake kamusi nene ya maneno ya jeshi na ya ndege, kurasa za njano, inanuka ghala. Niliiinua. Sitadanganya kwamba niliifungua kwa hamu ya ukweli. Niliifungua nikiomba neno lile lisiwepo.

Lilikuwepo. Mistari mitatu: *rotochute*, parachuti ya kushushia mizigo ya kijeshi, yenye mapanga yanayozunguka. Na pembeni, kwa herufi ndogo za mlalo: *rare*, yaani adimu.

Nilikaa kwenye ukingo wa njia. Muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Niliipeleka saluni. Maman Présidente alisoma huku ameshika kichwa cha mteja kwa mkono mmoja.

"Iko?"

"Iko."

"Aïe, mama yangu." Akamwachia mteja. "Na ile sanduku…"

"Mimi nililipeleka kwa mikono hii," akasema Tonton Chauffeur aliyekuwa akingoja chai. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia asiseme jambo la kuchekesha. Kisha wote wawili wakanitazama.

"Weye uliandika," akasema Maman Présidente. "Weye utaenda."

Nilikwenda Alhamisi mchana na kamusi ndani ya mfuko wa plastiki. Chumba kilikuwa cha vitanda viwili. Kwenye kitanda cha dirishani alilala mzee wa Kibelgiji, mweupe kama shuka, akitazama dari. Papa Depo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, koti la buluu juu ya pajama, mifuko minne, kalamu moja tu imebaki. Alinitambua upesi.

"Secrétaire. Nani alikutuma?"

"Nimekuja mwenyewe, Papa."

"Weye? Mwenyewe? Mpaka Etterbeek?" Akautazama mfuko. "Sema nani alikutuma."

"Maman Présidente. Lakini ningekuja."

"Bon. Ya kwanza ilikuwa uongo, ya pili sijue."

Nikampa kamusi, nimeweka kipande cha gazeti kwenye ukurasa. Alisoma kwa kidole. Alisoma tena. Kisha akashika ukurasa ule akaukunja kidogo, akapitisha ukucha kwenye mshono wa kitabu.

"Haukubandikwa?"

"Hapana, Papa."

"Ulipata wapi?"

"Jeu de Balle."

Akafunga kamusi juu ya magoti. Nikafikiri atatabasamu, maana mimi ningekuwa yeye ningecheka mpaka kitanda cha pili kiitikie. Alisema, "Unajua mwaka huu nilianza kuwaamini? Nilijiambia, labda wako na haki. Labda haikukuwaka. Labda nilitunga, kwa ajili ya kulala."

"Papa, nimekuja kuomba msamaha. Na nimeandika ripoti mpya, nitaisoma Jumapili mbele ya watu wote."

"Sanduku iko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata mashine. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama bawaba zilitolewa kwanza. Nikasema hapana.

Ndipo aliponiambia, bila mimi kuuliza, kitu ambacho mtaa mzima ulikuwa umekitafuta. Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa karani wa uwanja mdogo wa ndege milimani, mwenye umri wa miaka ishirini, kazi yake kuandika kila kinachotupwa na ndege. Mizigo ilishuka kwa parachuti za kawaida, na kitambaa chake kilikuwa laini, wanawake walikitamani kwa kushonea nguo, kwa hiyo kila kitambaa kilipaswa kurudi. Aliyebeba mizigo alikuwa mwenzake, mtu mwenye mke na watoto wawili. Siku moja yalishuka masanduku mawili ya namna nyingine.

"Bilikuwa bakizunguka, secrétaire. Mapanga ine, ziiii, polepole, muzigo unashuka kama mutu anashuka ngazi. Tulisimama midomo wazi. Mwenzangu akapiga magoti. Chef iko ndani ya jeep, anapiga honi. Namuuliza, chef, niandike nini? Anasema, andika parachute, deux. Nikaandika parachute, deux. Ndege ilirudi ikachukua zile mapanga. Juma ya pili akakuja chef mwingine na liste. Parachute mbili. Bitambaa biko wapi?"

"Na hapakuwa na kitambaa," nikasema.

"Waliingia nyumba ya mwenzangu, wakapasua godoro. Hawakuona. Basi wakasema ameuza. Wakamuchukua saa ine ya muchana, muke wake anaona, watoto wanaona. Hakurudi."

"Na wewe?"

"Mi nilikuwa na kalamu. Mutu ya kalamu hakuna anayemushuku." Akafuta miwani kwa pajama. "Jina nililiona nyuma ya siku ile, chini ya sanduku moja walisahau. Nikaenda ku bureau kusema: haikukuwa parachute, ilikuwa rotochute. Wakafungua dictionnaire. Wakacheka."

Nesi aliingia, akarekebisha pazia, akatoka. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

"Secrétaire, nikuulize kitu. Siku ile, ulitafuta dakika ngapi?"

Mtu anaweza kujiandaa kwa maswali mengi ndani ya metro. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Maktaba ilikuwa vituo viwili vya tramu. Makumbusho ya jeshi ninayaona kila asubuhi nikienda kufagia ofisi. Wiki nzima nilikuwa nayo. Siku ile ilikuwa inanyesha, nilikuwa nimevaa soksi nzito, chai iko tayari.

"Kumi," nikasema. "Labda hazikufika."

Aliniangalia bila ukali, kama anasoma namba chini ya kiti.

"Mi nilikuwa na mbili," akasema. "Chef alikuwa anapiga honi."

Yule mzee wa dirishani alikohoa. Papa Depo akatoa kalamu mfukoni, akanisukumia karatasi ya ripoti mpya, upande wa nyuma ulio mtupu.

"Ya kwangu umeandika. Sasa andika ya ule mwingine."

Nikaandika alivyosema. Jina la mtu yule, la baba yake, la kilima chake. Kazi yake. Idadi ya watoto. Kwamba sanduku zilikuwa mbili, rotochute, mapanga manne kila moja, hazina kitambaa. Kwamba karani alijua, kwa sababu alikuwa amesimama pale anaona. Kwamba mbebaji hakuiba.

"Soma."

Nikasoma.

"Kwa nguvu," akasema, akionyesha kitanda cha dirishani kwa kidevu. "Huyu hasikiake muzuri."

Mzee yule alikuwa Mbelgiji, hajui neno la Kiswahili hata moja. Nikasimama, nikageukia kitanda chake, nikasoma kwa nguvu.